Lami ina bili, chumvi haina

Nimezaliwa Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi karne na karne. Maji ya chumvi yanatoka ardhini jirani na Mto Malagarasi, na chumvi yake imelisha Kigoma, Tabora na ng'ambo ya ziwa tangu kabla reli haijafika. Sasa naishi South Portland, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, na kazi yangu kuanzia Novemba mpaka Aprili ni kumwaga chumvi chini, kwenye pakingi na njia za miguu, ili barafu iyeyuke watu wasiteleze. Si kwa kilo, kwa tani. Nilipomweleza shemeji yangu kwenye simu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Shemeji, hao watu wana hela."

Hela wanazo. Ila kilichonifanya niandike leo ni swali la rafiki yangu mmoja wa Dar anayefanya kazi halmashauri. Alisikia mahali kwamba huku kuna sehemu mwenye duka anatozwa pesa kwa sababu ya mvua inayonyesha kwenye pakingi yake, akanitumia ujumbe wa sauti: ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? Ni kweli, na sehemu yenyewe naifanyia kazi. Nikaanza kumjibu kwa sauti, ikafika dakika ya tisa nikaona bora niandike.

Nyuma ya maduka makubwa ya hapa kwetu kinapita kijito kinaitwa Long Creek. Ukiwa mgeni hukioni. Unaona Maine Mall, iliyofunguliwa 1971 mahali palipokuwa mashamba, unaona hoteli, maduka ya samani, ofisi, uwanja wa ndege upande ule, barabara kuu upande huu, na katikati ya vyote lami. Kijito kinajipenyeza chini ya barabara kwenye makalvati, kinaingia bwawa la Clarks Pond, halafu Fore River, halafu bahari ya Casco Bay. Bonde lake ni dogo, maili za mraba kama tatu na nusu, lakini limegawanywa na miji minne: South Portland, Portland, Westbrook na Scarborough. Zaidi ya robo ya bonde hilo limefunikwa kwa kitu ambacho maji hayapiti, ama lami, ama zege, ama paa. Wataalamu wa vijito wanasema mambo huanza kuharibika ikifika sehemu ya kumi tu.

Kwa nini lami iwe kosa? Chukua ekari moja ya pakingi na inchi moja ya mvua, mvua ya kawaida kabisa. Hapo una galoni zaidi ya 27,000, lita kama laki moja, maboza kumi ya yale ya lita 10,000. Zamani, palipokuwa na majani, maji hayo yalizama ardhini yakafika kijitoni pole pole, yakiwa baridi. Sasa yanafika ndani ya dakika chache kwa mkupuo, yakiwa na moto wa lami wakati wa kiangazi, yamebeba zinki ya matairi, shaba ya breki, mafuta yaliyodondoka injini, mchanga, na vipisi vya sigara. Kingo za kijito zinamomonyoka kwa kasi ya maji. Samaki aina ya trauti, anayetaka maji baridi na safi, anaondoka. Wanaofuata kuondoka ni wadudu wa majini.

Hao wadudu huku ndio mashahidi. Idara ya mazingira ya Maine inazamisha vikapu vya waya vilivyojaa mawe mtoni, inaviacha wiki kama nne, inavitoa na kuhesabu wadudu waliohamia humo. Wakikutwa wale wavumilivu tu wanaoishi popote, mto umefeli mtihani. Long Creek ulifeli. Mimi napenda sana kipimo hiki. Maji unaweza kuyachota siku nzuri ukapata majibu mazuri, lakini mdudu amekaa pale mwezi mzima, usiku na mchana, huwezi kumpangia siku.

Sasa upande wa sheria. Sheria ya Maji Safi ya Marekani ni ya 1972, na ilipotungwa macho yote yalikuwa kwenye bomba la kiwanda. Una bomba linalotoa uchafu mtoni? Omba kibali, pimwa, ukizidisha lipa faini. Mvua ikabaki pembeni kwa sehemu kubwa miaka kumi na mitano. Mwaka 1987 Bunge likarekebisha sheria, Rais Reagan akaitia kura ya turufu, Bunge likaipitisha hivyo hivyo. Kuanzia hapo maji ya mvua ya viwandani, ya miradi mikubwa ya ujenzi na ya mitaro ya miji yakaanza kuingizwa kwenye vibali. Mwenye maduka hakuguswa. Mall yenye ekari na ekari za lami ilikuwa sawa na kibanda cha karanga mbele ya sheria hiyo.

Ila waandishi wa marekebisho yale waliacha mlango wa nyuma. Walisema mamlaka ikiona maji ya mvua ya mahali fulani yanachangia kuharibu mto, inaweza kupaingiza mahali hapo kwenye vibali hata kama hapamo kwenye orodha. Mlango ule ulikaa miaka bila watu kuujali. Mwaka 2008 Conservation Law Foundation, shirika la wanasheria wa mazingira la huku New England, wakaiandikia EPA, yaani mamlaka ya mazingira ya taifa, wakisema: tunataka mlango huu ufunguliwe kwa Long Creek. Mwaka 2009 ukafunguliwa. Kila mwenye ekari moja au zaidi ya lami, zege na paa ndani ya bonde lile akaambiwa anahitaji kibali.

Wenye mali wakapewa njia mbili. Ya kwanza: omba kibali chako peke yako, jenga mabwawa yako ya kuchuja maji kwenye kiwanja chako, pima, andika ripoti, jitetee mwenyewe. Ya pili: jiunge na wenzako kwenye kibali cha pamoja, lipa dola 3,000 kwa mwaka kwa kila ekari ya lami na paa uliyonayo, na chombo cha pamoja kitafanya kazi kwa niaba yenu wote. Karibu wote wakajiunga. Piga hesabu mwenyewe: plaza yenye ekari kumi ni dola 30,000 kila mwaka. Mpango wa kwanza wa miaka kumi ulikadiriwa kugharimu dola milioni 14.

Rafiki yangu hapo ndipo alipopiga mluzi. Lakini wenye mali wale si watu wa sadaka. Walijiunga kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Ukimlazimisha kila mtu achimbe bwawa kwenye kiwanja chake, mwingine ana nafasi na mwingine hana, na mwingine bwawa lake halitasaidia kijito chochote kwa sababu yuko pabaya. Mkiweka pesa pamoja, mnachimba pale palipo na nafasi na maji mengi. Kwa hiyo leo ukipita kule utaona madimbwi ya kokoto yaliyooteshwa mimea, miti iliyopandwa kwenye masanduku ya zege pembeni ya barabara ili inywe maji ya mtaro, na sehemu ambako kijito chenyewe kimekarabatiwa kingo. Kuna kufagia lami na kunyonya taka kwenye chemba. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotupa sisi ugali kuanzia Mei.

Kazi ya chemba nitaieleza kidogo maana watu wanadhani mtaro ni shimo tu. Chini ya ule wavu wa chuma kuna kisima kifupi cha zege. Bomba la kutokea halipo kwenye sakafu, liko juu kidogo, ili mchanga na takataka zibaki chini na maji yapite juu. Tunafungua wavu kwa ndoano, tunaingiza bomba la lori la kunyonya, na kinachotoka mwezi Mei ni uji mweusi wenye harufu ya yai viza na dizeli. Ndani yake nimewahi kuona meno ya bandia. Chemba isiponyonywa, uji ule unajaa mpaka usawa wa bomba, na kuanzia hapo kila mvua inausukuma kijitoni, kwa hiyo kujenga chemba elfu bila bajeti ya kuzinyonya ni kupoteza saruji.

Viwandani utaratibu ni mwingine. Kampuni ninayofanyia kazi ina mteja mwenye yadi ya malori, simtaji. Yadi kama ile iko kwenye kibali cha maji ya mvua cha viwanda, na kibali hicho kina sharti nililolidharau mara ya kwanza kulisikia: kila robo mwaka, mvua ikinyesha, mtu asimame kwenye mdomo wa mtaro wa kutokea, achote maji kwenye chupa ya kioo mwanzoni mwa mtiririko, ayatazame. Basi. Unayatazama. Rangi, harufu, povu, taka zinazoelea, mchanga unaotua chini, na ule upinde wa mvua wa mafuta juu.

Mtu wa kuchota nilikuwa mimi. Nakumbuka siku moja ya Oktoba, mvua inapiga ubavuni, nimeinama na chupa ya lita moja, nyuma yangu meneja wa yadi kashika mwavuli wake mwenyewe. Nikaiinua chupa mbele ya karatasi nyeupe. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa, juu yake duara la mafuta lenye zambarau na kijani, na chini unga mweusi unashuka taratibu. Meneja alikuwa amelipa washauri, ana faili nene lenye ramani za mitaro, na sidhani kama aliwahi kulifungua. Ile chupa aliishika mwenyewe, akainusa, akakunja uso. Wiki iliyofuata mapipa ya oili chafu yakahamishiwa chini ya paa na pipa la vyuma chakavu likapata kifuniko.

Kibali kile kina kifungu kingine ambacho naona ndicho chenye akili kuliko vyote: kiwanda kikithibitisha kwamba hakuna malighafi, mashine wala taka yoyote inayonyeshewa, kinaweza kusamehewa kibali kizima. Paa la bati linakutoa kwenye makaratasi. Hakuna mfanyabiashara asiyeelewa lugha hiyo. Nilimwambia rafiki yangu: halmashauri yako ikitaka kuanza, ianzie hapo. Yadi za malori, gereji, maghala ya saruji na mbolea, madampo ya chuma chakavu. Mtu achote chupa moja mvua za kwanza za vuli zikianza, baada ya miezi mikavu ambayo oili na vumbi vimelala uwanjani, amwonyeshe mwenye yadi. Chupa haihitaji ufadhili. Na ekari za lami wala huhitaji kwenda na futi, huku zinahesabiwa kwenye picha za kutoka angani.

Mpaka hapa mambo yanaonekana mazuri. Mlipaji ni yule aliyeweka lami, kiasi anacholipa kinalingana na lami aliyoweka, na pesa inafanya kazi inayoonekana. Mimi ningeupigia kura utaratibu huu popote. Shida ni kwamba una tundu, na mimi nimo ndani ya tundu hilo nikiwa na lori.

Kijana mwenzangu kazini anaitwa Bahati, mtu wa Uvira. Alifika Portland kiangazi cha 2019, mmoja wa mamia ya Wakongo na Waangola waliolala kwenye vitanda vya kukunja ndani ya ukumbi wa Expo. Ananiita yaya, kama wanavyoita kaka mkubwa kwao. Usiku mmoja wa Januari, saa tisa, tunamalizia njia ya mbele ya maduka, ameegemea sepetu akaniuliza: "Yaya, hii chumvi yote inaendaka wapi?"

Swali la mtu aliyezaliwa kando ya ziwa. Nilimjibu tu kwamba inaenda chemba. Baada ya chemba inakwenda dimbwi la kokoto, lile lililogharimu pesa nyingi. Dimbwi ni zuri kweli: mchanga unatua, mafuta yananata, zinki inashikwa, fosforasi inaliwa na mimea. Chumvi inapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Sehemu yake iitwayo kloraidi haitui, haioti kutu, hailiwi na bakteria, haishikwi na udongo. Huwezi kuichuja kwa mmea wala kokoto. Ikishaingia majini njia ya kuipunguza ni kuongeza maji mengine.

EPA tangu 1988 inashauri kloraidi kwenye maji ya mto isizidi miligramu 230 kwa lita kwa muda mrefu, na 860 kwa muda mfupi. Namba hizo hazina sura mpaka uzipeleke jikoni: kijiko cha chai kilichojaa chumvi, ukikitia kwenye ndoo ya lita ishirini, umeshafika kwenye ule mpaka wa 230. Na sisi tunamwaga kwa tani.

Jambo lililonishangaza zaidi ni la kiangazi. Kuna vijana wa vipimo wanaopita kijitoni wakiwa na kifaa kama kalamu nene, unakitumbukiza kinasoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, na chumvi ikiwa nyingi namba inapanda. Nilikuwa nanyonya chemba karibu na kalvati, Agosti, jasho linanitoka, nikamwomba mmoja anioneshe. Nilitegemea kuona namba ndogo, maana theluji ya mwisho ilishasahaulika. Namba ilikuwa kubwa. Akanieleza: chumvi ya miaka yote imezama kwenye maji ya ardhini, na kiangazi, mvua zikikosekana, kijito kinalishwa na maji hayo hayo ya ardhini bila kuchanganywa na kitu. Kwa hiyo mdudu wa Agosti anakunywa chumvi ya Januari, tena labda ya Januari ya miaka mingi nyuma. Siku ya mvua namba inashuka.

Basi kwa nini tusimwage kidogo? Tunajua kiasi kinachotosha. Kwenye mafunzo wanatuonesha kikombe cha kahawa cha aunsi 12: kikombe kimoja, kikitawanywa vizuri, kinatosha vipande kumi vya zege vya njia ya miguu. Tunajua pia kwamba lami ikipoa chini ya nyuzi tisa hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inakaa tu kama changarawe, haiyeyushi kitu cha maana. Tuna bunduki ya kupima joto la lami. Tunajua kunyunyiza maji ya chumvi kabla theluji haijaanguka kunazuia barafu isishike, na kunatumia chumvi chache kuliko kumwaga mawe yake baadaye. Chuo Kikuu cha New Hampshire wana kituo cha utafiti wa maji ya mvua, wakapima lami yenye vitundu inayopitisha maji, wakaona inaweza kuhitaji chini ya nusu ya chumvi ya lami ya kawaida, kwa sababu maji yanazama badala ya kukaa juu na kuganda. Maarifa hayakosekani.

Kinachomwaga chumvi ni woga. Mteja akiteleza mlangoni akavunja nyonga, anafungua kesi. Anamshtaki mwenye jengo, mwenye jengo anamgeukia aliyekodishwa kusafisha theluji, yaani sisi, na bima za pande zote zinaanza kuulizana. Mahakamani swali ni moja: mlimwaga chumvi au hamkumwaga? Hakuna anayeuliza kama mlizidisha. Sijasikia mtu wa kazi yetu aliyepelekwa kizimbani kwa kumwaga nyingi, ila kumwaga kidogo kunaweza kukupeleka. Meneja mmoja wa plaza, mama mwungwana kabisa, mwenye kutuletea kahawa, aliniambia bila kuficha: "Nikishuka kwenye gari asubuhi nataka kuisikia ikilia chini ya viatu vyangu. Nisipoisikia, nawapigia simu." Na anapiga kweli. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inalia, jua linatoka, barafu hakuna, na tunarudi kumwaga tena ili isikike.

Halafu kuna mkataba. Mikataba mingi ya kazi hii inalipa kwa safari au kwa tani. Ukimwaga mara tatu usiku mmoja unalipwa mara tatu. Mwenye kampuni hana haja ya kuwa mtu mbaya ili chumvi iwe nyingi, inatosha tu afuate mkataba.

Sasa weka vitu hivyo pamoja. Plaza inalipa dola 3,000 kwa ekari kwa ajili ya lami. Jirani yake mwenye lami ile ile analipa hivyo hivyo. Mmoja anamwaga chumvi mara mbili ya mwingine na bili zao zinatoka sawa. Ukubwa wa lami ulichaguliwa kwa sababu unapimika kirahisi na haubishaniwi, nakubali, na kwa mafuriko, joto na zinki ni kipimo cha haki. Kwa chumvi hakisemi kitu. Mafunzo yapo, vipeperushi vipo, semina za vuli zipo zenye donati. Bili haipo.

Jimbo la jirani, New Hampshire, wamelishika jambo hili kwenye mzizi wake. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa wana sheria inayosema hivi: mtu wa kibiashara wa kumwaga chumvi akisoma mafunzo ya serikali, akapata cheti, akatunza kumbukumbu ya kiasi anachomwaga na kufuata taratibu, basi yeye na mwenye mali aliyemwajiri wanapata kinga fulani dhidi ya kesi za kuteleza kwenye barafu. Haimaanishi uache barafu watu waanguke. Maana yake ni kwamba siku ya mahakama, daftari lako linaloonesha ulimwaga kiasi sahihi linakutetea. Nilipoisoma nilikaa nikaisoma tena, kwa sababu haina neno kubwa la mazingira ndani yake kwa mtu wa kawaida. Inazungumza na bima. Na bima ndiyo inayoendesha lori langu.

Tukirudi kwenye vibali vya maji ya mvua, Vermont, jimbo jingine la huku, nao wana utaratibu wao kwa wenye ekari tatu na zaidi za lami na mapaa. Massachusetts, Oktoba 2024, EPA ilitoa rasimu ya kibali kinachofanana na chetu kwa maduka, viwanda na taasisi zenye ekari moja au zaidi kwenye mabonde ya mito Charles, Mystic na Neponset. Shabaha kubwa kwenye Charles ni fosforasi, inayolisha mwani wenye sumu. Kama una ndugu Waltham, kule wanakoishi Waganda wengi, mto unaopita mjini kwao ndio huo. Wakikipitisha, nao wataanza na kuhesabu lami. Sitawalaumu. Lakini kibali kinachomdai mtu kwa ukubwa wa uwanja wake bila kumuuliza tani za alichomwaga juu ya uwanja huo kinaacha nusu ya hesabu nje, na nusu hiyo haichujiki.

Ningeulizwa, ningeongeza mistari miwili tu. Mmoja: kila mwenye mali aripoti tani za chumvi kwa msimu kwa kila ekari, na punguzo la bili limwendee anayeshuka. Tani zinajulikana, zipo kwenye risiti, hakuna haja ya kifaa cha maabara. Wa pili: mikataba ya theluji ilipwe kwa msimu mzima, bei moja, ili anayemwaga apate faida kwa kubakiza chumvi ghalani na si kwa kuimaliza.

Huu wa pili tumeanza kuujaribu bila kusubiri mtu. Mwaka huu bosi wetu alikubali kuupeleka mkataba wa namna hiyo kwa yule mama wa plaza: bei moja ya msimu, vipimo vya joto la lami viandikwe kila safari, tani ziandikwe, na njia za pembeni ambazo hakuna anayezipita wakati wa baridi zifungwe kwa mnyororo, maana njia iliyofungwa haihitaji chumvi. Niliingia kwenye kikao kama msimamizi wa zamu. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali mazuri kuliko nilivyotegemea, akataka kujua nani atabeba lawama mtu akianguka Februari. Bosi alimjibu kwamba lawama ziko pale pale zilipokuwa, isipokuwa safari hii tutakuwa na daftari.

Amekubali pakingi ya nyuma, ile ya wafanyakazi, ekari mbili na kitu, kwa msimu mmoja. Mlango mkuu hataki kusikia habari yake. Mwanasheria wa bima yao bado anausoma mkataba.